Mzigo Unashukia Wapi?

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshanunua rangi. Ndoo mbili, ya kijani kwa nje na ya maziwa kwa ndani, zilikuwa zimepangwa kivulini pale Kashojwa, na mpangaji mpya alitarajiwa Jumatatu. Kwenye simu alikuwa ameniambia ni jambo dogo tu: kuna ufa juu ya dirisha la chumba cha tatu, fundi keshauziba mara mbili, nao umerudi mara mbili. "Mwanangu, nitajie simenti isiyopasuka," alisema nilipofika, "niuzibe, nipake rangi yangu."

Sikumtajia simenti. Niliomba stuli na kiberiti. Ufa ulianzia kona ya juu ya dirisha, ukapanda kwa vidato, tofali hadi tofali, ukielekea kona ya nyuma ya nyumba. Pale dirishani njiti moja ya kiberiti iliingia kwa kubanwa. Juu, karibu na bati, ziliingia nne kwa pamoja. Nilipozunguka nyuma nikakuta sababu iko wazi ardhini: chini ya ukingo wa bati, maji ya mvua yalikuwa yamejichimbia kijifereji kirefu kando ya ukuta, na kwenye kona ile ile ndiko bafu la wapangaji lilikomwagia maji yake. Ndoo za rangi zikarudishwa ndani. Zilikaa huko miezi minane.

Makala hii inamhusu kila aliyenunua au anayetaka kununua nyumba kuukuu aitengeneze, aipangishe, imlishe. Nitaeleza misingi na boriti, yaani sehemu za nyumba ambazo mpangaji hazioni na mnunuzi haulizi.

Njia ya mzigo

Huku Uganda chumba cha kupanga huitwa muzigo, na vyumba vilivyojengwa kwa mstari chini ya paa moja ni mizigo. Kila nikilisikia neno hilo kwa sikio la Kiswahili hulifurahia, kwa sababu kazi yote ya nyumba ni kubeba mzigo na kuutua salama. Bati na mbao zake vina uzito. Upepo nao husukuma. Uzito huo hutua juu ya ukuta, ukuta unaupeleka chini, na panapokuwa na mlango au dirisha linta huupokea na kuugawa kulia na kushoto ili uzunguke tundu. Msingi huutandaza, na mpokeaji wa mwisho ni udongo.

Ukiielewa safari hiyo umeelewa nusu ya kazi ya mhandisi. Ufa ni alama ya mahali ambapo mzigo umekosa njia na kujitafutia nyingine. Kuuziba kwa plasta bila kujua mzigo ulikuwa unakwenda wapi ni sawa na kumfunga bandeji mtu aliyeteguka mguu kisha kumtwika gunia lile lile. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila nyumba ni moja: mzigo unashukia wapi?

Swali hilo lina majibu tofauti hapa kwetu. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi wa waliofika wakiwa na turubai na miti minne leo wana nyumba, duka na vyumba vya kupangisha. Nyumba nyingi za Kashojwa, ndani ya Nakivale, ni za miti na udongo, au za matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua, juu ya msingi wa mawe machache au bila msingi kabisa. Mwenye akiba zaidi huitazama Mbarara, jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, ambako mitaa kama Kakoba ina vyumba vingi vya kupangisha. Huko nyumba kuukuu ni za matofali ya kuchoma. Mto Rwizi hukatiza Mbarara na kuteremkia kwenye maziwa na vinamasi vya upande wa Nakivale, na kwenye kingo zake watu huchimba mchanga na kufyatua matofali. Nyumba nyingi za mjini, kwa maneno mengine, ni udongo wa bonde la Rwizi uliopitishwa motoni. Moto hulipa tofali nguvu, lakini haugusi udongo uliobaki chini ya msingi.

Kusoma ufa

Ufa una mambo matatu ya kutazamwa: umbo, upana na mwendo.

Tuanze na umbo. Ufa wa vidato unaopanda kwa mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha ni dalili ya msingi unaozama. Ukiwa mpana zaidi juu, mwisho wa nyumba ndio unaoshuka, kama kule kwa Mama. Ukiwa mpana zaidi chini, katikati ya ukuta ndiko kunakodidimia huku ncha zikibaki juu. Ufa ulionyooka wima pale chumba kipya kilipounganishwa na nyumba ya zamani mara nyingi si ugonjwa mkubwa: majengo mawili yaliyotua kwa nyakati tofauti yanaachana. Ufa wa kulala chini ya paa husema kwamba mbao za paa zinausukuma ukuta nje, au hazikufungwa vizuri. Ufa juu ya mlango, pamoja na mlango unaokwama, unamtaja mkosaji moja kwa moja: linta imepinda, imeoza, au haikuwekwa. Na ukiona ufa unaofuata boriti ya zege kwa urefu, wenye madoa ya kahawia, ujue nondo zimepata kutu ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, hivyo hulipasua zege kutoka tumboni.

Upana una vipimo vyake. Taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, BRE, iliweka ngazi ambazo wahandisi wa nchi nyingi huzitumia kwa nyumba za matofali. Hadi milimita 1 ni ufa mdogo sana, wa kumalizwa na mpaka rangi. Hadi milimita 5 bado ni mdogo, ingawa milango huanza kukwama. Kati ya 5 na 15 ukuta unahitaji kufunguliwa na matofali mengine kubadilishwa. Kati ya 15 na 25 ni uharibifu mkubwa, na kupita 25 nyumba inaweza kukosa uimara wa kusimama. Usipokuwa na rula, kadi ya benki ina unene wa chini kidogo ya milimita 1 na njiti ya kiberiti inakaribia 2. Njiti nne za Kashojwa zilituweka katika ngazi ya tatu.

Cha muhimu kuliko vyote ni mwendo. Ufa mpana uliolala miaka kumi una hatari ndogo kuliko ufa mwembamba unaokua kila mwezi. Kipimo chake ni cha bei ya penseli. Piga mstari mwishoni mwa ufa, andika tarehe. Weka alama mbili ndogo kila upande wa ufa, pima umbali kati yake, uandike. Rudi kila mwezi, na uhakikishe umepitia angalau msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Kwetu mvua huja Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba, na udongo wa mfinyanzi wa mabondeni hufura ukilowa na kunywea ukikauka. Anayepima wiki mbili za kiangazi tu amesoma nusu ya barua.

Jerikeni 48

Katika nyumba ndogo za kwetu, msingi unaozama huwa una maji nyuma yake. Tufanye hesabu ya nyumba ya Mama. Paa lake lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 4, na lina mteremko mmoja kuelekea nyuma. Hizo ni mita za mraba 48. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua nzuri ya alasiri ikimwaga milimita 20, paa litatoa lita 960, yaani jerikeni 48 za lita ishirini, zote zikidondoka kwenye mstari mmoja kando ya ukuta. Na hayo ni maji yale yale ambayo watu wa Kashojwa huyapangia foleni bombani.

Udongo mkavu ulioshindiliwa hubeba nyumba vizuri. Ukilowa hulegea, chembe zake huteleza, na mwingine husombwa kabisa na kuacha uwazi chini ya mawe ya msingi. Matofali mabichi hupata taabu zaidi, kwa sababu kozi za chini zikinywa maji hurudi kuwa tope. Kumwaga zege kwenye msingi huku maji yakiendelea kuanguka pale pale ni kumlisha mchwa.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ya msingi haigusi msingi. Weka gata uyapeleke maji ya paa kwenye tangi au pipa, na linapojaa yamwagike mbali. Kama gata halipatikani, refusha bati lipite ukuta kwa sentimita 60 hivi, na chini yake chimba mtaro wenye mteremko, uliotandikwa mawe. Bafu na mahali pa kufulia vihamishwe, maji yake yafike shimo la kunyonya lililo mita kadhaa kutoka ukutani. Kisha jaza moramu kuzunguka nyumba, uishindilie kwa tabaka nyembamba, ukiacha mteremko unaokimbia nyumba. Mti mkubwa ulio karibu utazamwe pia: mkaratusi hunywa maji mengi, na mizizi yake huunyausha mfinyanzi wa chini ya ukuta wakati wa kiangazi.

Fanya hayo, kisha subiri na penseli yako. Nyumba nyingi huacha kuzama hapo hapo. Zikiacha, huhitaji kuchimba kitu.

Kushika mguu wa nyumba

Zisipoacha, msingi unapaswa kushushwa hadi kwenye udongo mgumu. Kazi hiyo ni kuchimba chini ya ukuta uliosimama na kuuwekea mguu mpya. Hatari yake ni dhahiri: unaondoa kinachoishikilia nyumba. Siri ya kazi ni kutochimba kwa pupa.

Ukuta hugawanywa katika vipande vya urefu wa mita moja hivi, kila kimoja kikapewa namba. Tuseme ni sita. Unachimba cha kwanza na cha nne, huku vilivyobaki vikiendelea kubeba. Unafika udongo mgumu, unasafisha sakafu ya shimo, unamwaga zege hadi sentimita 7 au 8 chini ya msingi wa zamani. Baada ya zege kukaza, siku mbili au zaidi, unashindilia kwa nguvu mchanga na saruji yenye maji kidogo sana katika uwazi ule, ili mguu mpya uushike ukuta bila kuacha nafasi. Ndipo unakwenda cha pili na cha tano, kisha cha tatu na cha sita. Vipande jirani havifunguliwi kamwe kwa pamoja. Fundi anayechimba mtaro mzima wa mita sita chini ya ukuta ili "kazi iishe leo" anajichimbia kaburi, yeye na pota wake, yaani kibarua anayemsaidia.

Njia hii ina historia ya kushangaza. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanisa kuu la Winchester, Uingereza, lilikuwa linazama kwenye udongo mweusi wa kinamasi, na kila shimo lililochimbwa lilijaa maji. Kuanzia mwaka 1906 mzamiaji aitwaye William Walker alishuka kila siku chini ya kuta hizo, gizani, ndani ya maji, akiondoa udongo laini na kupanga mifuko ya zege, shimo baada ya shimo, hadi mwaka 1911. Kanisa limesimama mpaka leo. Lilijengwa na wafalme na maaskofu, lakini liliokolewa na utaratibu wa kushika mguu mmoja kwa wakati mmoja.

Kwa nyumba ya matofali mabichi kuna jambo la kuongeza. Kozi za chini zilizolika zinaweza kubadilishwa kwa mtindo huo huo wa vipande: toa matofali yaliyooza, jenga mawe au matofali ya kuchoma hadi kimo cha sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, tandika plastiki nene isiyopitisha unyevu, kisha uungane na ukuta wa juu. Na usiukandike ukuta wa udongo plasta ngumu ya saruji. Plasta hiyo haishikani vizuri na udongo, hufungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache hujitenga kama ganda la yai, mchwa wakipita nyuma yake bila kuonekana. Udongo uliochanganywa na mchanga na saruji kidogo hukaa vizuri zaidi, na ukiharibika hurekebishika kwa mkono.

Muhogo kati ya matofali mawili

Sasa tupande juu. Chukua muhogo mbichi, ulaze juu ya matofali mawili yaliyoachana, kisha uubonyeze katikati. Utaona unapasuka kuanzia upande wa chini. Juu unabanwa, chini unavutwa. Boriti yoyote hufanya hivyo hivyo, iwe ya mbao, chuma au zege.

Zege hustahimili sana kubanwa lakini ni dhaifu kwa kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kubanwa. Ndiyo maana huwekwa nondo, na ndiyo maana nondo za boriti iliyolala juu ya kuta mbili hukaa chini. Kwa kibaraza kinachoning'inia mambo hugeuka: juu ndiko kunakovutwa, na nondo hupanda juu. Nimewahi kuvunja linta iliyopinda nikakuta nondo zote zimeelea juu ya zege kwa sababu hakuna aliyezifunga mahali pake kabla ya kumwaga. Chuma kilikuwemo chote, kimelipiwa, lakini kilikuwa hakifanyi kazi.

Mwenye nyumba wa Mbarara mara nyingi hutaka jambo moja: kuvunja ukuta wa mbele ili chumba kiwe duka. Tundu la mlango la sentimita 90 linageuka kuwa la mita 3, na mzigo uliokuwa ukishuka katikati unapaswa kubebwa hadi pembeni. Kwa makadirio ya kwanza, kimo cha boriti ya zege huwa kama sehemu moja ya kumi au ya kumi na mbili ya urefu wa tundu, hivyo mita 3 zinadai sentimita 25 hadi 30. Unene na idadi ya nondo vitatokana na hesabu ya uzito wa juu, na hesabu hiyo ni ya mhandisi. Lakini mwenye nyumba anaweza kukagua mambo haya mwenyewe, akiwa amesimama na mikono mfukoni.

Kwanza, egemeo. Boriti iingie ukutani angalau sentimita 20 kila upande, ikalie kitako cha zege, si tofali lililopasuka. Pili, nondo zifunikwe na zege la sentimita 2.5 au zaidi pande zote, la sivyo kutu itaingia. Nondo zikiungwa zipishane: za milimita 12 zipishane sentimita 60 hivi. Ringi zizizunguke nondo kwa nafasi zisizozidi sentimita 20, na zikaribiane zaidi karibu na maegemeo. Tatu, mchanganyiko. Kwa boriti, karai moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji kama lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Pota huongeza maji ili zege liteleze na mgongo wake upumzike, na kila ndoo ya ziada hupunguza nguvu. Nne, kunyweshea. Zege halikauki kama nguo. Linakomaa kwa kutumia maji, kwa hiyo lifunikwe na kuloweshwa kwa siku 7 angalau. Mirunda ibaki chini yake wiki mbili, na nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28.

Kabla ya yote hayo, nyumba isimamishwe. Ukuta hauguswi mpaka mbao nene ziwe zimepenyezwa ndani yake juu ya tundu litakalofunguliwa, kila baada ya mita moja au chini ya hapo, zikishikwa na mirunda au jeki pande zote mbili, nayo mirunda isimame juu ya mbao pana isididimie. Nyumba inayotengenezwa huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuguswa na itakavyokuwa baadaye. Zanzibar ilionja uchungu huo tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka wakati wa kazi ya ukarabati na kuua watu wawili. Jumba lililokaa zaidi ya miaka 130 lilianguka mikononi mwa waliokuja kulitibu.

Linta za mbao zina uchunguzi wake. Gonga kwa mpini wa nyundo: mbao nzima hulia kavu, iliyoliwa hulia kama debe. Choma kwa ncha ya kisu. Mchwa hula moyo wa mbao na kuacha ngozi, kwa hiyo rangi nzuri ya nje si ushahidi.

Mkanda

Kuna boriti moja ambayo nyumba za bei rahisi hukosa karibu zote: mkanda unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha. Linta hutazama tundu moja. Mkanda hufunga nyumba nzima, kama utepe unaozunguka mzigo wa kuni. Kona moja ikitaka kuzama, mkanda huugawa uzito wake kwa jirani. Na ardhi ikitikisika, mkanda huzizuia kuta zisifunguke nje.

Hilo la ardhi kutikisika si mbali nasi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Isingiro na Tanzania. Lilibomoa nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake na kuua watu zaidi ya kumi. Toro, kaskazini mwetu, inakumbuka tetemeko la Machi 1966. Uganda ina kanuni yake ya ujenzi wa kuhimili tetemeko, US 319, tangu mwaka 2003, ingawa nyumba nyingi za kupangisha zilijengwa bila mtu kuifungua.

Kuongeza mkanda kwenye nyumba ya zamani kunawezekana. Kwa matofali ya kuchoma, paa huinuliwa au kufunguliwa, kozi ya juu huondolewa, na mkanda wa zege wenye nondo nne na ringi humwagwa kuzunguka bila kukatika, hasa kwenye kona, ambako nondo hupindwa ziingie ukuta wa pili. Kwa matofali mabichi zege ni zito na halishikani vizuri na udongo. Huko natumia mbao mbili sambamba zilizounganishwa kama ngazi, zikatiwa dawa ya mchwa, zikalazwa juu ya ukuta na kufungwa na utepe wa chuma unaoshuka kozi kadhaa chini. Paa likifungwa kwenye ngazi hiyo, upepo hauliondoi na kuta hazipendi tena kuachana.

Ardhi ni ya nani

Hesabu ya nyumba ya kupangisha haiishi kwenye nondo. Nakivale mkimbizi hupewa kiwanja cha kutumia, hapewi hati. Asiye raia wa Uganda, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, hawezi kumiliki ardhi kwa mailo wala friholdi, yaani kwa umiliki wa kudumu, ila anaweza kupata lizi isiyozidi miaka 99. Kwa hiyo kabla ya kuzika mifuko 40 ya saruji chini ya ukuta, jiulize ni nani atabaki na ukuta huo utakapoondoka.

Jibu hubadilisha aina ya tiba. Pale Kashojwa napendekeza fedha iende kwanza kwenye vitu vinavyolinda na vinavyoweza kung'olewa: gata, tangi, bati lililorefushwa, mbao za mkanda. Mtaro na moramu ni jasho zaidi kuliko fedha. Uchimbaji chini ya ukuta ubaki kwa kona iliyothibitika kuzama. Mbarara, ukiwa na hati au lizi mkononi, boriti na misingi ya kudumu ina maana, na hapo sheria nayo inaingia: Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inadai kibali kabla ya kujenga au kubadili jengo. Uliza ofisi ya jiji kabla ya kuvunja, na mhandisi wako awe kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kumlipa mpangaji aliyeangukiwa.

Na mpangilio wa bajeti uwe huu: maji, msingi, mkanda na linta, paa, kisha plasta, mwisho rangi. Nyumba nyingi nilizoitwa kuzitazama zilikuwa zimefuata mpangilio huo kinyumenyume.

Kule kwa Mama tulihamisha bafu Februari, tukaweka gata na tangi kabla ya mvua za Machi. Alama za penseli ziliendelea kuachana mwezi wa kwanza baada ya hapo, kisha zikapunguza mwendo katika mwezi wa pili. Kona tuliichimba kwa vipande vitatu katika kiangazi cha Julai, tukaifunga juu kwa mbao na utepe wa chuma. Mwishoni mwa Septemba mvua zilikuwa zimerudi. Nilipima: alama zimesimama pale pale. Ndipo tukafungua ufa, tukashona matofali mapya, tukakandika, na ndoo za rangi zikatoka ndani, moja ikiwa imeshaganda juu.

Baadaye alinipigia simu. Kuna nyumba inauzwa Nyamitanga, kule Mbarara, anakwenda kuiona na dalali, na anataka niandamane naye. Tulipofika dalali alitufungulia mlango wa mbele atuonyeshe vigae vipya vya sebuleni. Mama alimsalimia vizuri, akamwambia asubiri kidogo, akakamata pindo la kitenge chake na kuzunguka nyuma ya nyumba kutazama maji ya paa yanaangukia wapi.